Kabla ya Word na Excel, Mwanafunzi Ajue Faili Lake Liko Wapi

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha kompyuta siku za Jumamosi katika ukumbi mdogo huku Eastlands, Nairobi. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: akina mama wanaouza nguo katika soko la Gikomba, walinzi wanaotaka kuhamia kazi ya mapokezi, makatibu wa vyama vya kuweka akiba waliochoka na daftari, na vijana waliomaliza kidato cha nne wakaambiwa na wazazi wao wakasomee pakeji za kompyuta. Karibu wote hujitambulisha kwa namna moja, kwamba hawajui kompyuta hata kidogo. Ningependa kueleza kwa nini ninaamini kwamba jambo la kwanza la kumfundisha mtu kama huyu si Word, wala si Excel, wala si kupiga chapa kwa vidole kumi, bali ni faili: faili ni kitu gani, linaitwaje, linakaa wapi, na mtu afanye nini ili alipate kesho.

Ninasema hivi nikijua kwamba utaratibu uliozoeleka jijini ni mwingine. Ukipanda ngazi za majengo ya Tom Mboya au River Road, ambako vyuo vidogo vya kompyuta ni vingi, utakuta masomo yamepangwa kwa majina ya programu: utangulizi, Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, kisha intaneti, na mwishoni cheti. Kila pakeji ina majuma yake na mtihani wake. Mwanafunzi hujifunza kukoleza maandishi, kuyapigia mstari, kuyapanga katikati na kuyawekea picha, na anapomaliza Word huiacha nyuma na kuingia Excel. Sina ugomvi na walimu wa vyuo hivyo, kwa kuwa wengi wao hufanya kazi kwa bidii katika vyumba vyenye joto na mashine chache. Hata hivyo, nimewapokea wanafunzi wenye vyeti ambao, nikiwaomba wanifungulie barua waliyoiandika juma lililopita, hufungua Word, huutazama ukurasa mweupe, kisha huniuliza, "Mwalimu, ile barua imeenda wapi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa na pakeji ya Word, kwa sababu halihusu Word. Linahusu kompyuta yenyewe na namna inavyotunza kazi ya mtu.

Inafaa kwanza tumfahamu mwanafunzi huyu ni nani, kwa maana si mtu asiyejua teknolojia. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na mama wa makamo anayeketi mbele yangu ametuma pesa, amelipa karo, amenunua tokeni za umeme na kukagua taarifa ya malipo yake kwa simu tangu baadhi ya vijana wa darasa hili wakiwa wachanga. Anajua nambari ya siri ni nini na kwa nini haipewi mtu. Anajua kulisoma jina la mpokeaji kabla ya kukubali pesa zitoke. Kumwanzishia mtu kama huyu somo kwa kumkaririsha kwamba kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea data, kuichakata na kutoa matokeo, ni kumpotezea asubuhi yake, na pia ni kumwambia kwamba yote anayoyajua hayana thamani humu ndani.

Lakini simu hiyo hiyo imemfundisha tabia moja ambayo kompyuta ya ofisi haiifuati. Kwenye simu, kazi hujihifadhi. Picha ikipigwa imebaki, ujumbe wa WhatsApp ukitumwa umebaki, na hakuna anayemuuliza kitu hicho kiitwe nani wala kiwekwe wapi. Mafaili yamo ndani ya simu na yana majina na folda zake, ila yamefichwa ili mwenye simu asihangaike nayo. Anapokuja kwenye kompyuta akaandika barua ya ukurasa mzima, haoni sababu ya kufanya jambo lolote zaidi, kwa kuwa barua iko mbele ya macho yake. Hapo ndipo ninapomweleza kwamba maneno anayoyaona kabla hayajahifadhiwa yamo katika kumbukumbu ya muda, ambayo huhitaji umeme wakati wote, na umeme ukikatika nayo hufutika. Kwamba kuhifadhi ni kuyaandika maneno hayo kwenye diski, ambako hubaki hata mashine ikizimwa. Na kwamba kompyuta haiwezi kuyaandika huko bila kuambiwa yaitwe nani na yawekwe mahali gani. Ni kweli kwamba Word ina utaratibu wa kujiwekea nakala ya dharura, lakini kwa kawaida huja ikiwa imepangwa kufanya hivyo kila baada ya dakika 10, na katika mtaa ambao stima hupotea bila taarifa, dakika 9 za kazi ya mtu anayetafuta herufi mojamoja ni kazi kubwa mno kupotea. Kwa hiyo wanafunzi wangu huzoeshwa kubonyeza Ctrl na S pamoja, ambayo ni amri ya kuhifadhi, kila wanapomaliza aya, hata kabla hawajajua kukoleza neno.

Siku ya kwanza, basi, hatufungui Word. Tunafungua Notepad, ile programu ndogo inayokuja pamoja na Windows, kwa sababu haina utitiri wa vitufe na menyu za kumbabaisha anayeanza. Kila mmoja huandika jina lake, mtaa anakoishi na kazi anayoitaka, halafu hulihifadhi faili hilo na kufunga kila kitu mpaka skrini ibaki tupu. Wengine hushikwa na wasiwasi unaoonekana usoni. Kisha kila mmoja hulitafuta faili lake na kulifungua tena, na zoezi hilo huendelea asubuhi nzima kwa sura mbalimbali: wabadilishe jina la faili, watengeneze folda, walihamishe faili kuingia humo, walinakili kwenye flashi, walifute, walirudishe kutoka kwenye pipa la taka, kisha wafute ile nakala iliyo kwenye flashi ili wajionee wenyewe kwamba hiyo haipitii pipa la taka bali huondoka moja kwa moja. Somo hilo la mwisho ni bora walipate kwa faili lenye majina yao matatu kuliko kwa picha za harusi ya dada.

Linalowasumbua zaidi ni hili la faili kuwa na mahali. Nimepata njia ya kulieleza ambayo ninaitegemea: ninamwomba mwanafunzi anielekeze nyumbani kwake. Atasema ni Nairobi, kisha Kayole, kisha Soweto, kisha ploti iliyo mkabala na kanisa, kisha nyumba nambari 5. Ninayaandika yote ubaoni kwa mstari mmoja, yakitenganishwa kwa mikwaju, na chini yake ninaandika njia ya faili lake kama Windows inavyoiandika, kuanzia herufi C hadi jina la faili lenyewe. Wakiilinganisha mistari hiyo miwili, huona kwamba folda ya Documents ya mtumiaji mmoja si folda ya Documents ya mwingine, jinsi nyumba nambari 5 ya ploti hii isivyokuwa nyumba nambari 5 ya ploti ile, na kwamba kusema "nimehifadhi kwa kompyuta" ni sawa na kusema "ninaishi Nairobi".

Pia ninaifungua mipangilio ya Windows ili mkia wa jina la kila faili, yaani herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina, uonekane, kwa sababu kwa kawaida Windows huuficha, na kuuficha huko huleta mkanganyiko mwingi. Mtu huona mafaili mawili yote yakiitwa "Barua ya maombi" na hajui lipi ni lipi, ilhali moja lina mkia wa docx, ule ambao Word imekuwa ikiutumia tangu toleo la mwaka wa 2007, na jingine lina mkia wa pdf. Tangazo la kazi linaposema wasifu utumwe kwa PDF, mwanafunzi aliyezoea kuutazama mkia anajua kama amefanya alichoambiwa au hakufanya. Asiyeuona hubahatisha.

Faida ya haya yote huonekana mara tu mtu anapokutana na huduma za serikali mtandaoni. Chukua mfano wa ripoti ya kodi ya mwaka, ambayo mtu binafsi hutakiwa kuiwasilisha kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla ya siku ya 30 Juni kupita. Anayetumia fomu ya Excel huipakua, huifungua, huruhusu makro zake, yaani amri zilizofungwa ndani ya fomu, zifanye kazi, huijaza, kisha hubonyeza kitufe cha kuithibitisha, nayo fomu hutengeneza faili jipya la zip, yaani faili lililobanwa, ambalo ndilo linalopakiwa kwenye mfumo. Ukiondoa kule kujaza tarakimu, hatua zote hizo ni kazi za faili: kujua kilichopakuliwa kimeenda folda gani, kujua kwamba kubonyeza kitufe kumezaa faili la pili, kujua la pili limewekwa wapi, na kuchagua hilo badala ya lile la kwanza. Nimemwona mtu hodari wa hesabu, aliyeijaza fomu yake bila kosa, akishinda saa nzima akijaribu kupakia faili lisilohitajika. Maombi ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nayo yana mambo ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa huduma kadhaa za huko humtaka mwombaji apakie picha na nakala za hati zake, na kila hati inayopakiwa ni lazima kwanza iwe faili linalopatikana.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu anayeanza hana budi kujizoeza nalo, nalo ni kutoshika kipanya cha mwanafunzi. Kishawishi ni kikubwa, maana mwalimu anaona kitufe kinachotafutwa, anajua kwamba kubonyeza mara moja kutamaliza taabu, na foleni ya wengine wenye maswali ni ndefu. Lakini kila mara mkono wa mwalimu unapofanya kazi, mkono wa mwanafunzi haujafanya, na kazi ya ofisi ni kazi ya mikono kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyokubali. Mimi huiweka mikono yangu nyuma na kuongea tu: tazama juu kushoto, soma kwa sauti neno la kwanza, sasa la pili. Kusoma kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye skrini ni tiba kubwa. Ujumbe unaouliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko huwatisha watu kwa sababu umejitokeza ghafla, wakabonyeza chochote ili uondoke, lakini wakiusoma kwa sauti hugundua kwamba ni swali la kawaida na kwamba wanalijua jibu lake.

Kuhusu kipanya chenyewe, wazee hupewa muda na mchezo wa karata. Microsoft iliuweka mchezo wa Solitaire ndani ya Windows 3.0 mwaka wa 1990, wakati kipanya kilikuwa kigeni kwa wafanyakazi wengi wa ofisini, na mchezo huo uliwazoesha watu kubofya, kushika kitu na kukiburuta bila wao kujua kwamba wanafunzwa. Ungali unafanya kazi hiyo vizuri. Vilevile mwalimu ajue kwamba kasi ya kubofya mara mbili inaweza kupunguzwa katika mipangilio ya Windows, kwa maana nimewaona wazee wakijiona wameshindwa na kompyuta kumbe vidole vyao vilihitaji nafasi ndogo tu zaidi kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili.

Kupiga chapa kunahitaji subira na robo saa kila siku, na sina mengi ya kusema juu yake. Vinundu vidogo vilivyo kwenye vitufe vya F na J vimewekwa ili vidole vya shahada vijue kwao bila macho kuangalia chini, na nikishamwonyesha mwanafunzi hilo, lililobaki ni mazoezi.

Tunapofika kwenye Word, tunaandika barua ya kweli ambayo mwanafunzi anaihitaji: ya maombi ya kazi, ya kumwomba mwalimu mkuu nafuu ya karo, ya chama kwenda kwa benki. Barua ya kubuni haina uzito, na mtu hawezi kuijali kiasi cha kuisoma mara ya pili. Ninalokazania hapo si mapambo. Kwanza ni kwamba kitufe kirefu cha nafasi si cha kupangia maandishi, kwa sababu anwani iliyosukumwa kulia kwa nafasi arobaini itayumba pindi tu saizi ya herufi inapobadilika, ilhali kuna amri ya kuipanga kulia ambayo haiyumbi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka ukurasa mpya abonyeze Ctrl na Enter pamoja, asiteremke kwa Enter ishirini. Pili ni ukubwa wa karatasi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa hapa jijini huja zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako karatasi ya ofisi ni ile inayoitwa Letter, nayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4 yetu ya milimita 210 kwa 297. Barua iliyopangwa kwa Letter ikafika kwenye printa yenye A4, huweza kutoka ikiwa imesogea au printa ikasimama ikidai karatasi isiyokuwepo, na mwenye barua akadhani kwamba printa imeharibika. Kulibadilisha hilo mara moja mwanzoni huchukua muda mfupi sana.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu kidogo, ni ile mistari myekundu. Mwanafunzi anaandika jina lake, Wanjiru au Achieng' au Mutua, na programu inalipigia mstari mwekundu. Anaandika sentensi nzima ya Kiswahili na yote inageuka nyekundu. Mtu aliyekuja akiwa tayari na hofu ya kukosea huona mashine ikimwambia kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni kosa, na nimewaona watu wakijaribu kulirekebisha. Ninasimamisha darasa nieleze kwamba mstari ule hausemi kwamba neno ni baya. Unasema tu kwamba halimo katika kamusi ya lugha ambayo programu imewekewa kwa wakati huo, na kwamba jina linaweza kuongezwa kwenye kamusi ya mtumiaji kwa kubofya upande wa kulia wa kipanya. Nikiwa hapo ninaibadilisha pia lugha ya Kiingereza kutoka ya Marekani hadi ya Uingereza, inayofuatwa shuleni na ofisini kwetu, ili waliofundishwa tahajia sahihi wasianze kuitilia shaka.

Excel ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayolipa haraka. Tunaanza na daftari la chama: majina ya wanachama, nambari zao za simu, michango ya kila mwezi, na jumla. Karibu kila mwanafunzi mpya, akifika kwenye seli, yaani kisanduku, ya jumla, hutoa simu mfukoni, hujumlisha kwa kikokotoo cha simu, na kuiandika jumla hiyo kwa mkono. Jedwali lake huonekana sawasawa kabisa na la aliyetumia fomula. Simsahihishi papo hapo. Ninamwambia kwamba mwanachama wa tatu ameongeza mchango wake wa mwezi uliopita, abadilishe tarakimu hiyo moja, na tuone kwenye jedwali lipi jumla imebadilika. Hapo ndipo ninapowasimulia asili ya programu hizi. Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara Harvard, alimwona profesa wake akijaza hesabu kwenye jedwali ubaoni, na kila tarakimu moja ilipobadilika profesa alilazimika kufuta na kukokotoa upya nyingine zote zilizoitegemea. Wazo lililomjia ndilo lililozaa VisiCalc, aliyoitengeneza pamoja na Bob Frankston na ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1979, kabla ya Excel kuwepo. Kila aliyewahi kuwa katibu wa chama anamwelewa profesa yule mara moja, kwa sababu amefuta na kuandika upya kurasa nyingi za daftari kwa kosa la shilingi mia mbili.

Kisha tunashughulikia mambo ambayo vitabu vya pakeji huyapita haraka, ingawa ndiyo yanayowaumiza watu kazini. Nambari ya simu inayoanza kwa 07 hupoteza sufuri yake mara tu mtu anapobonyeza Enter, kwa kuwa Excel huichukua kuwa idadi, na idadi haina haja ya sufuri mbele. Ukiiandika kwa kuanza na 254, huwa na tarakimu 12, na Excel huigeuza kwa maonyesho ya kisayansi yenye herufi E katikati ambayo hakuna anayeweza kuyapigia simu. Nambari ya akaunti yenye tarakimu zaidi ya 15 ni hatari zaidi, kwa maana Excel hutunza tarakimu 15 tu na zinazofuata huzifanya sufuri bila kusema neno. Dawa ya yote hayo ni kuipanga safuwima hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuanza kuijaza, na neno "kabla" ninalirudia mpaka wananiongezea wao wenyewe.

Upande wa pili wa jambo hilo ni pesa zinazoandikwa kama maandishi. Mtu aliyezoea daftari huandika 500/= katika kila seli, kisha jumla inatoka sufuri, naye anadhani fomula imekosewa. Ninawafundisha watazame ukingo: idadi husimama upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, kwa hiyo pesa iliyosimama kushoto haitahesabiwa. Ishara hiyo hiyo hufichua tarehe mbaya. Katika mashine yenye mipangilio ya Marekani, 3/4 ni siku ya nne ya Machi, wala si tarehe 3 Aprili, na kosa hilo halionekani mpaka mtu aandike 13/4, ambayo hukaa kushoto kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Mwanafunzi anayelitambua hilo na kuuliza maswali amekuwa msaidizi wa ofisi tayari.

Lililo zito kuliko yote ni kupanga majina kwa alfabeti. Mtu huchagua safuwima ya majina peke yake, huamuru ipangwe, Excel humwuliza kama anataka data iliyo kando nayo iende pamoja, naye kwa haraka huchagua kuendelea na safuwima aliyoichagua. Majina yanajipanga vizuri na michango inabaki ilipokuwa, na sasa pesa za mwanachama mmoja zimesimama mbele ya jina la mwingine. Jedwali bado ni zuri, jumla bado ni sahihi, na hakuna kitu kinachoonyesha kwamba kumeharibika. Katika chama, jambo kama hilo huweza kuvunja urafiki wa miaka mingi na kumwita mwizi mtu asiye mwizi. Kwa hiyo tunalifanya kosa hilo makusudi darasani, tunatafuta mchango wa kila mmoja, kisha tunalirudisha kwa Ctrl na Z, na tangu siku hiyo hakuna anayepanga jedwali bila kutunza nakala yake ya awali yenye tarehe kwenye jina la faili.

Kwa watakaotafuta kazi dukani au kwenye ofisi ndogo, ninaongeza zoezi la kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16. Kiwango hicho kinawekwa katika seli moja, na fomula zote zinaielekea seli hiyo kwa alama za dola ili isihame fomula inaponakiliwa chini. Anayedhani kwamba hayo ni mapambo akumbuke mwaka wa 2020, wakati kiwango kilipunguzwa hadi asilimia 14 kuanzia Aprili na kurudishwa 16 Januari iliyofuata. Aliyekuwa na kiwango katika seli moja alibadilisha tarakimu moja. Aliyeandika 16 ndani ya kila fomula alikuwa na juma refu.

PowerPoint, ya kuandalia slaidi, mimi huipa asubuhi moja. Access, ya kutunzia hifadhidata, siifundishi kwa wanaoanza, na hakuna aliyewahi kurudi kuniambia kwamba aliikosa kazini.

Mashine zetu nyingine zina LibreOffice, mkusanyo mwingine wa programu za ofisi, kwa sababu haigharimu chochote, na nimeona kuwa kuwabadilisha wanafunzi kati ya hiyo na programu za Microsoft kunawafaa. Vitufe viko mahali tofauti, lakini Ctrl na S ni ile ile, SUM, fomula ya kujumlisha, ni ile ile, na faili bado lina jina na mahali. Aliyekariri kwamba kitufe fulani ni cha tatu kutoka kushoto hupotea, naye aliyejua anachokitafuta hukipata.

Baruapepe tunaifundisha kama barua, kwa maana katika mji huu watu wengi hutuma wasifu wao kutoka saiba, duka la kompyuta za kukodi, wakiwa wameambatisha faili tu, bila kichwa, bila salamu, bila hata sentensi moja. Mwajiri hupokea ujumbe mtupu kutoka kwa anwani asiyoijua, wenye kiambatisho kiitwacho "Document1", na siwezi kumlaumu akiupita. Mwanafunzi huandika kichwa chenye jina la kazi, mistari michache ya heshima, na faili lenye jina lake mwenyewe. Gmail ina kikomo cha megabaiti 25 kwa viambatisho, kwa hiyo anayetaka kutuma picha nyingi za vyeti alizozipiga kwa simu hujifunza kuziunganisha kuwa PDF moja nyepesi.

Saiba yenyewe inahitaji somo lake. Fungua folda ya Downloads katika kompyuta ya umma popote jijini na mara nyingi utakuta nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na wasifu wa watu usiowajua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, lakini sheria haiwezi kuingia kwenye kila kompyuta jioni na kufuta kilichoachwa. Mwanafunzi wangu hujua kutoka kwenye akaunti yake, kukataa kivinjari kinapotaka kumtunzia nywila, kufuta alichokipakua, na kulimwaga pipa la taka kabla ya kulipa na kuondoka. Hayo pia, ukiyatazama, ni masomo ya faili: mtu hawezi kufuta kitu asichojua kimewekwa wapi.

Mtihani wangu wa mwisho hauna karatasi ya maswali. Ninampa kila mmoja flashi yenye mafaili yaliyotawanyika kama yanavyotawanyika katika ofisi halisi, yenye majina mabaya na nakala mbilimbili, na maagizo mafupi: tafuta jedwali la michango lililo jipya kuliko yote, sahihisha nambari za simu, andika barua fupi kwa wanachama ukiitaja jumla, igeuze kuwa PDF ya A4, weka vyote katika folda moja yenye jina linaloeleweka, na unitumie kwa baruapepe. Anayekwama kwenye Excel hupewa zoezi jingine la Excel. Anayekwama kwenye kulipata jedwali lililo jipya hurudi kwenye Notepad Jumamosi inayofuata, hata kama barua yake ilikuwa nzuri, na tunaanza tena kwa jina, mtaa na kazi anayoitaka.